Kikaango cha Masikio ya Watu

Walioketi mkekani jioni ile walikuwa hawa: Sefu bin Mwinjaka, mwenye nyumba, dada yake mkubwa, Bi Siwajibu binti Mwinjaka, na mdogo wao, Kombo bin Mwinjaka. Wa nne alikuwa Bi Tatu binti Mwinyikondo, mkewe Sefu. Yeye hakuketi. Alisimama mlangoni pa jiko, akiwatazama wanavyoonja.

Daktari alikuwa amemwambia Sefu kwamba moyo wake umechoka, na kwamba akishikilia vyakula vya kukaanga hatafika mbali. Sefu alicheka. Bi Tatu hakucheka. Tangu siku ile, mumewe alipojilaza mchana, alikuwa akipita kizingitini na kutega sikio, asiondoke mpaka asikie pumzi.

Tanuri hakuwa nalo, wala hapakuwa na wa kumfundisha. Alitwaa sufuria nzito ya mkate wa kumimina, akatandika jani la mgomba, akalaza samaki, changu aliowapaka thomu, tangawizi na ndimu, akafunika. Chini aliweka makaa machache. Juu ya mfuniko akapalia mengi. Siku za kwanza samaki waliungua mgongo, au walitoka wabichi tumboni. Hatimaye akaujua moto wake, na changu wakaiva vizuri bila tone la mafuta.

Jioni ile Bi Siwajibu alimega kidogo, akafuta vidole. “Wifi, kikaango chenu kimekwenda Maka? Siku nyingi hatukisikii. Huko nje wanasema ndugu yangu kafilisika.”

“Hata paka wamehama, shemeji,” Kombo akadakia.

Wakacheka, na Sefu akacheka nao. Bi Tatu aliinamisha uso. Mtaa ule kuta zake zilikuwa nyembamba. Chakula kilisikika kabla hakijaliwa, na nyumba isiyokaanga ilihesabiwa kuwa nyumba yenye njaa. Aliyaogopa mauti, lakini na watu pia aliwaogopa.

Kesho yake akawasha majiko mawili. Penye jiko moja sufuria ilikaa kimya na makaa yake kichwani. Penye jingine akabandika kikaango, akamimina mafuta, yalipochemka akatia vipande vya samaki ili vilie. Vikalia. Sauti ikavuka ukuta pamoja na harufu, na majirani wakaridhika. Sefu alipakuliwa cha sufuriani. Vile vya kikaangoni Bi Tatu hakuthubutu kumpa, na kuvimwaga aliona ni kufuru. Basi alivila mwenyewe, upesi, amesimama, mgongo ameupa mlango.

Ikawa ndiyo desturi ya nyumba ile. Sefu akapungua tumbo, akawa anapanda ngazi za msikiti bila kutweta, na daktari akamsifu. Bi Siwajibu alisema nyumba sasa imechangamka. Hata hivyo hofu haikumtoka Bi Tatu. Kila asubuhi alimwuliza mumewe kama kifua kinambana. Chake mwenyewe kilipobana, alisema ni moshi. Mumewe alipokwenda kupimwa alimsindikiza, akangoja nje kwenye benchi, koti la mumewe mapajani, akiomba Mungu habari ziwe njema. Zilikuwa njema. Hakuna aliyemwambia na yeye aingie, wala yeye hakuomba.

Siku moja Sefu aliingia jikoni kutafuta maji, akamkuta na kipande mkononi, mafuta yakimchuruzika hadi kwenye kifundo cha mkono.

“Na hicho cha nani?”

Bi Tatu alishtuka, kisha akatabasamu. “Hiki cha watu, bwana. Chako kimefunikwa.”

Sefu akanywa maji yake, akatoka.

Ninyi mnaosikiliza, kikaango cha nyumbani kwenu kinamlilia nani, na kinachotoka humo anakila nani?

Bi Tatu binti Mwinyikondo alifariki Jumatano, baada ya sala ya alasiri.