Matofali ya Chumba Kimoja

Hapo zamani, si zamani sana, maana paa la shule nitakayoisimulia bado linang'aa, kijiji cha Kivumba kule milimani Upare hakikuwa na shule. Watoto walivuka mto kwenda kusoma ng'ambo, na kila masika akina mama walishinda roho juu.

Msitu ulikuwa wa hifadhi. Bwana misitu akasema, "Jengeni, ila mti usikatwe, wala tofali lisichomwe kwa kuni."

Wakauliza, tutajenga wapi? Nakijwa, mjane, akasema, "Jengeni kwangu." Akang'oa tangawizi yake, akavunja kibanda chake, akahamia jikoni kwa dada yake.

Wakauliza, tutajenga kwa kitu gani? Mbazi, fundi kutoka mlima wa pili, akasema, "Kwa udongo huu huu." Akautia saruji kidogo, akashindilia matofali kwa mashine ya mkono, akayaanika kivulini. Madirisha akayapanga upande usio na upepo wa ukungu. Miezi kumi alilala stoo, mkewe akimngoja kwao.

Mvua ikaja kabla ya siku zake, matofali yakiwa mabichi. Baragumu la msaragambo likalia, watu wote wakaja kusaidia, mikononi wana majani ya migomba tu. Kilave, jirani wa hapo, akayatupa majani yake. Akapanda juu ya nyumba yake, akabandua mabati, akafunika matofali. Yakapona. Kuta za udongo za nyumba yake zikaporomoka.

Shule ikasimama imara. Yakabaki matofali ya chumba kimoja cha kuishi. Shimo la udongo lilikwisha kufungwa, na fito za msituni ni marufuku, hivyo cha pili kisingejengeka.

Kwenye mkutano wa kuamua nani apewe chumba hicho, mke wa Kilave akasimama. "Jamani, shule imevaa, mimi nimevuliwa!" Watu wakacheka, yeye hakucheka. "Bila mabati yetu mngefundishia watoto kwenye tope."

"Shemeji," akasema Mbazi, "mabati yalifunika nini? Si kazi ya mikono yangu? Nami nimechoka kulala na majembe. Nataka mke wangu aje tuishi hapa."

Dada yake Nakijwa akasema, "Huyu hadai, ndiyo mmsahau? Mmejenga palipokuwa kitanda chake, halafu alale kwenye mafiga yangu?"

"Dada, acha," akasema Nakijwa. "Watoto hawavuki tena mto."

Mwenyekiti akashika kichwa. Haya, ninyi mnaonisikiliza, chumba ni kimoja na kinajengwa kesho. Je, ufunguo wake mngempa nani?