Hodi ya Mzee Mghalu

Paukwa!

Pakawa!

Sogeeni basi, wenye meno na wenye mapengo. Hapo zamani za kale palikuwa na kijiji kilichojishikiza ubavuni mwa mlima. Juu ya kijiji palikuwa na msitu, na msituni palikuwa na nyani. Chini ya kijiji palikuwa na mashamba ya mtama. Na kati ya nyani na mtama palikuwa na mbwa mmoja, jina lake Doa.

Doa alikuwa mbwa wa Mzee Mghalu. Enzi za ujana wake alibweka mara moja tu, wou, msitu mzima ukanyamaza. Lakini miaka haiogopi mbwa. Masikio yalilala, miguu ikawa mizito, meno yakashika ukoga wa manjano.

Mzee Mghalu alikuwa na ada yake. Kila asubuhi, akisha kupiga mswaki wake mwenyewe, aliketi kwenye kigogo nyuma ya nyumba na kumwita mbwa. Alijiviringishia kitambaa kidoleni, akakichovya katika maji ya vuguvugu, maji matupu, kwa maana chumvi, alisema, ni ya mboga. Kisha hakumshika mbwa. Alimnyooshea kidole tu.

"Hodi, Doa."

Akangoja.

Mbwa alinusa. Mbwa alilamba kidole, lap. Hiyo ndiyo ilikuwa karibu yake. Hapo mzee aliinua mdomo wa mbwa taratibu, akasugua upande wa nje, pale jino linapokutana na ufizi. Fyu, fyu, fyu. Leo upande huu, kesho upande ule. Aliacha kabla mbwa hajachoka, akampa kinofu cha nyama. Mifupa migumu hakumpa kamwe.

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Walimwuliza kama Doa anakwenda kuposa, mbona anang'arishwa meno. Mzee alicheka nao, mapengo yake nje, kisha akawapa jibu lile lile la siku zote:

"Kinywa ni nyumba ya mtu. Hata mbwa hupigiwa hodi."

Wakati wa kupanda mtama, Mzee Mghalu akafa.

Aliacha watoto wawili. Wa kwanza alikuwa Mwakio, mwanamume wa maneno machache, mwenye boma lake ng'ambo ya kijito. Wa pili alikuwa Wakesho, aliyebaki katika nyumba ya baba. Vitu vya marehemu viligawanywa. Mwakio alichukua upinde. Wakesho hakutaka kitu ila shuka kuukuu ya baba yake, ile aliyojifunika mpaka siku ya mwisho. Hakuifua. Aliikunja, akaitia kikapuni, akafunika. Kila jioni alifunua kidogo, akainamisha uso. Ugoro, moshi, jasho la shambani. Baba. Akafunika upesi, maana aliogopa harufu isije ikatoka ikaenda zake.

Na Doa? Doa alilala kwenye kigogo. Kila asubuhi alitazama njia. Njia haikuleta mtu. Ukoga ukapanda, fizi zikavimba, pumzi ikanuka hata wageni wakahama upande wa upepo. Mwishowe aligusa chakula kwa ulimi, akalia, akaacha.

Mtama ukaanza kuzaa. Nyani wakashuka, kwanza mmoja, kisha ukoo mzima. Doa hakuinuka.

Mwakio akaja na upinde begani. Alisimama mbali kidogo na mbwa, akamwambia dada yake kwamba mnyama anateseka, na kijiji kitalala njaa.

"Mtama ukiwa mwekundu na mbwa huyu bado hali, nitampeleka msituni mimi mwenyewe," alisema. "Si kwa ubaya, mdogo wangu."

"Ni mbwa wa baba, kaka."

"Najua ni wa nani."

Akaondoka bila kugeuka.

Basi Wakesho akatwaa kijiti cha mswaki, akakitafuna ncha, akamwendea Doa. Akamkamata taya, akasugua kwa nguvu kama mtu anayekwangua sufuria. Kwaru, kwaru. Nga! Meno yakafunga hewani, karibu na kidole chake. Damu ilikuwa kwenye kijiti, damu ya mbwa. Jirani yake, Mama Saru, alimwona kutoka uani kwake.

"Umeingia nyumba ya mtu kama mwizi," alisema, "halafu unashangaa kufukuzwa? Baba yako alikuwa akibisha."

Wakesho alikumbuka. Miaka yote ile alikuwa ameisikia hodi hiyo akiwa jikoni, akaicheka kama wengine. Kesho yake alichana upindo wa nguo yake, akauviringisha kidoleni, akauchovya katika maji ya vuguvugu.

"Hodi, Doa."

Mbwa akanusa. Akanusa tena. Kisha akageuza kichwa, akatazama njia.

Wakesho alifahamu. Alifahamu vizuri kuliko alivyotaka, kwa sababu hata yeye, kila alfajiri, alifungua mlango akatazama njia ile ile.

Mtama ukaanza kuwa mwekundu.

Akaenda kwenye kikapu. Akafunua. Akaishika shuka kifuani muda mrefu, jua likapanda, maji yakapoa, akayapasha upya. Kisha akaishika pindo kwa mikono miwili. Chraaa. Ilichanika kwa sauti ambayo alikuja kuisikia masikioni siku nyingi.

"Hodi, Doa."

Mbwa akanusa. Mkia ukagonga kigogo, paa. Akalia kidogo, mlio mwembamba kama wa kitoto cha mbwa, akalamba kidole. Lap.

Wakesho akainua mdomo wake taratibu. Fyu, fyu. Akaacha mapema. Kesho tena, fyu, fyu, fyu. Upande huu, kisha upande ule. Siku moja jino bovu lililokuwa likining'inia lilitoka lenyewe ndani ya kitambaa, jeusi mpaka mzizini. Doa akashusha pumzi ndefu. Wakesho akamlowekea ugali katika mchuzi mpaka ukalainika. Mbwa akala. Akalamba chungu. Akatafuta kingine.

Lakini shuka, wasikilizaji wangu. Kila kipande kilichochanwa kilikwenda na harufu yake, na kila kilichofuliwa hakikurudi nayo. Asubuhi moja Wakesho alikiinamia kipande cha mwisho. Akavuta pumzi. Maji. Mbwa. Basi.

Aliketi kwenye kigogo akalia, kitambaa kidoleni. Doa akaja mwenyewe. Hakungoja hodi. Akalamba kidole, akalaza kidevu gotini pake.

Mtama ukawa mwekundu. Mwakio akaja na upinde wake, kama alivyoahidi. Kabla hajafika uani, nyani walikuwa wameshuka ukingoni mwa shamba.

Wou.

Mara moja tu. Msitu ukanyamaza. Mwakio naye akasimama hapo hapo alipokuwa.

Aliuegemeza upinde ukutani. Aliketi kando ya dada yake, akakitazama kitambaa, akauliza kwa sauti ya chini kama mtu anayeomba deni:

"Bado ina harufu yake?"

"Imekwisha, kaka. Nimeimaliza yote."

Nyumba ya Mwakio ilikuwa ng'ambo ya kijito, na huko hakuwa na kikapu. Kisha akanyoosha mkono, akaomba kitambaa, akajiviringishia kidoleni vibaya vibaya. Wakesho akamtengenezea. Mwakio akamnyooshea mbwa kidole.

"Hodi, Doa," alisema.

Alikuwa mtu wa maneno machache. Hakuna aliyekuwa ameisikiliza vizuri sauti yake. Sauti ilitoka ya baba yao, nzito, yenye mkwaruzo wa ugoro ambao yeye hakuuvuta kamwe. Wakesho aligeuka haraka kutazama njia. Njia ilikuwa tupu. Lakini mkia wa Doa uligonga kigogo, paa, paa, paa, na hakuna aliyetazama tena njia asubuhi hiyo.

Tangu hapo kijijini kwao, mbwa akizeeka, watu humpigia hodi mdomoni, na hakuna anayecheka.

Kwa hiyo, jamaa zangu, mpendwa akiondoka, msimfungie kikapuni. Harufu huisha. Kazi ya mikono yake ikipata mikono mingine, hurudi kila asubuhi kubisha.

Hadithi yangu imeishia hapo. Kitambaa nimekikamua, nimekianika.