Uyoga Uliofunikwa kwa Matawi

Nyumba yangu ina nguzo moja. Uyoga, umepata. Sasa tega sikio. Wahenga walisema mficha uchi hazai, maana anayeficha shida yake humfukuza wa kumsaidia. Bi Gunvor wa Jämtland, jimbo la misitu kaskazini ya mbali, aliyajua hayo mvi zikiwa zimemjaa kichwani.

Kwao mtu atakutajia umri wake, hata madhambi yake, lakini hakutajii anakochuma uyoga. Gunvor alikuwa na bonde lake la misunobari mikongwe. Humo, kila vuli, ulichipuka uyoga uitwao mzee wa zambarau, adimu kama maziwa ya kuku. Mama yake ndiye aliyemwonyesha utotoni, akamwapisha asiseme. Basi kila mwaka aliufunika kwa matawi, jirani yake Ottilia asije akauona.

Mwaka huo miti ilifungwa riboni nyekundu. Mwenye msitu alitaka kuikata, na kisheria, pasipo kiumbe adimu msituni hakuna wa kumzuia. Mkaguzi wa misitu, binti aitwaye Tyra, alizunguka siku nzima asione kitu.

“Bonde lako linaondoka, jirani,” Ottilia alimwambia dukani. “Kikapu chako utakitia viazi?”

“Na chako utakitia upepo?”

Alijibu hivyo, lakini alitoka dukani bila kununua kitu. Tyra alikuwa amepita kando ya hazina ile asiione, na aliyeifunika ni yeye Gunvor kwa mikono yake.

Siku ya mwisho ya ukaguzi alimshika Tyra mkono. “Mwanangu, twende nikuonyeshe.” Ottilia akawafuata kama mkia. Bondeni, Gunvor alipiga magoti, akaomba radhi kwa mama yake kimoyomoyo, akafunua matawi.

Tyra alihesabu. “Kumi na mmoja. Nao uko mahali pamoja tu, bibi. Nachelea wataacha miti mitatu hii, wakate iliyobaki.”

Ottilia alikohoa, macho yakiwa kwenye viatu vyake. “Vuka kijito. Chini ya gogo. Na mimi nimeufunika.”

“Tangu lini?” Gunvor aliuliza.

“Tangu mumeo angali na nywele.”

Gunvor alicheka mpaka machozi yakamtoka. Ng’ambo ya kijito waliukuta mwingine chini ya matawi, umetapakaa toka gogoni hadi mwisho wa bonde.

Theluji ilipoanguka, riboni zilikuwa zimefunguliwa, na misunobari yote imesimama. Bonde hilo nusura life kwa kufichwa na wale wale waliolipenda. Hakika, mficha uchi hazai.