Ijaza Isiyo na Jina

Hapo zamani, Shekhe Mahadhi wa Amu na Jogi Devshi, mtawa wa Bara Hindi, walipokuwa wakifundisha katika ukumbi mmoja, walikuwa na wanafunzi watatu: Badawi, Shali na Mbaruku. Shekhe aliwafundisha dhikiri, Jogi akawafundisha kutuliza pumzi. Mmoja wao angepewa ijaza, ruhusa ya kufundisha. Badawi aliitaka mno. Kwao Siyu, mama yake alikwisha kufagia chumba cha darasa.

"Mtakaa tangu alfajiri hadi adhuhuri," alisema Jogi siku ya kuwapima. "Mwili usitikisike."

"Na udhu usitoke," alisema Shekhe.

"Na ulimi usiseme uongo," walisema wote wawili kwa pamoja, wakacheka.

Badawi alikuwa amekula mbaazi za nazi, sahani mbili. Jua lilipopanda, tumbo likamvuruga. Akabana. Akabana tena. Mara upepo ukamponyoka, ukumbi mzima ukasikia.

Kabla hajajua la kufanya, Shali aliyekaa ubavuni mwake akasimama. "Niwieni radhi, walimu. Ni mimi." Akaenda kutawadha, akarudi kukaa. Badawi akabaki vilevile: hatikisiki, hana udhu, hasemi.

Adhuhuri ilipoadhiniwa, Badawi alimwendea Shekhe.

"Shekhe, ule upepo ulikuwa wangu. Shali amenisitiri tu. Siwezi kufundisha watu tohara huku nimeficha hili."

"Mbaazi?" aliuliza Jogi.

"Mbaazi."

Shali akasema, "Mimi udhu wangu haukutoka. Nilimwona ndugu yangu anavuja jasho, nikasimama, nikasema uongo. Nimetikisika pia. Lakini leo hii ningesimama tena."

Mbaruku akasema, "Mimi sikutikisika, udhu ninao, uongo sikusema. Nilijua ni nani, sikuulizwa, nikanyamaza. Masharti yote nimeyatimiza."

Shekhe alimgeukia rafiki yake. "Kwetu, anayemsitiri mwenzake ana fungu lake."

"Kwetu, kweli hutangulia hata pumzi," alisema Jogi. "Ila ya Badawi imechelewa asubuhi nzima."

"Na Mbaruku?"

"Mbaruku hana kosa. Hilo ndilo linalonisumbua."

Wakaenda kuswali, Badawi akiwa ametawadha upya, kifua chepesi, hata ijaza hakuiwaza sana. Jogi akabaki ukumbini akiilinda karatasi ya ijaza, kalamu juu yake, mahali pa jina pakiwa peupe.

Nanyi mliokaa hapa kusikiliza, kalamu mngepewa nyinyi, mngeandika jina la nani?