Mwezi Juu ya Kichwa cha Mpumbavu

Alikuwako Sultani Ghalibu bin Rashadi, mtawala wa mji wa Samarjani, na katika mji ule mpumbavu hakuchorwa ukutani ila juu ya kichwa chake uwekwe mwezi mwembamba, kwa kuwa akili yake, walisema, hujaa na kupungua. Na Sultani akamwamuru mchoraji wake, fundi Idarusi, apambe ukuta wa baraza kwa sura hiyo, na Idarusi alikuwa amefiwa na mkewe, Mwanashehe, lakini amri ya Sultani haikungoja matanga yaishe.

Akaketishwa mbele yake Farjala, mcheshi wa jumba, ili achorwe.

"Fundi, huo mwezi wangu unaandama au unakufa? Nataka kujua kama wazimu unanijia au unaniaga."

"Tulia, Farjala."

"Hata mwezi ukifa si neno. Utarudi."

Idarusi akageuza uso, kiwiko chake kikaangusha kichupa cha wino wa fedha, kikavunjika, na humo akatoka jini aliyefungwa tangu zama za kale. Farjala akakimbia bila viatu. Jini akainama.

"Ewe bwana wangu uliyenifungua, nina deni kwako la haja moja. Nena."

"Mwezi hufa na kurudi," akasema Idarusi. "Mke wangu naye arudi."

"Mwezi haufi, bwana wangu. Huwa upo, ila huuoni. Umeuchora miaka yote hii, hukujua?"

"Basi naye yupo, ila simwoni."

"Hayupo. Amekufa." Jini alinena kwa upole, na upole ule ulimuumiza zaidi. "Niwezalo ni kukuletea mwenye sura yake."

Idarusi alilijua jibu la mwenye akili. Akasema, "Mlete."

Na Sultani, kwa kustaajabia ajabu ile, akawaoza kwa ngoma na ubani, akawapa jumba na mazulia na lulu, na mji mzima ukamwonea fundi gere.

Asubuhi mke akamwandalia uji. Shingo ilikuwa ile ile, na kiganjani lilikuwapo kovu lile lile.

"Hapo uliungua na nini?" akauliza Idarusi.

Akakitazama kiganja. "Sijui, bwana. Niambie wewe, nami nitakuwa nikisema hivyo."

Wakaishi katika neema hata uzeeni, wala hawakugombana hata mara moja. Basi enyi msikiao, aliyefiwa na alie. Asiombe sura ya marehemu, maana huenda akapewa.