Marashi ya Usingizi wa Sultani

Katika mji wa Shamsina, wenye kuta za mawe mekundu, alitawala Sultani Mudhafari, mwenye hazina na majeshi na farasi wa kila rangi, na alikuwa na kila kitu ila usingizi. Tangu usingizi umkimbie, mji mzima haukutulia: yeye akizunguka barazani huku na huko, na mawaziri nyuma yake wakimeza miayo, na kila aliyebisha hodi, awe mleta maji au mleta habari, akijibiwa kwa ukali, "Karibu! Weka hapo, nenda zako!" Mimi ningelikuwa mtumishi wake ningelihama. Aliyeweza kustahimili ni kasuku wake tu, aliyetundikwa dirishani katika tundu lake, ndege mwenye domo lisilojua kupumzika.

Basi Sultani akasikia habari za Ruzuna binti Makame, mtengeneza manukato, kwamba ana marashi ya usingizi, akayaagiza. Ruzuna akayatia katika kichupa kisichozidi tunda la kungu kwa ukubwa, akakifunga kwa hariri, akaisugua pete aliyorithi kwa marehemu baba yake, na mara akatokea jini Zimrani, mtumwa wa pete, aliyembeba Ruzuna mgongoni tangu akiwa mchanga.

"Babu," akasema Ruzuna, "mfikishie Sultani amana yake."

Jini akaenda na kurudi kufumba na kufumbua. "Imefika, mwanangu."

Lakini siku ya pili askari walimchukua Ruzuna, wakamsimamisha mbele ya Sultani, ambaye macho yalikuwa yamemwiva kama pilipili.

"Ewe binti," akanguruma, "nimengoja marashi yako mpaka nimechoka kungoja, wala hayakunifikia!"

"Maulana, Mungu akuweke," akajibu Ruzuna, "niruhusu nimwite aliyeyaleta." Akaisugua pete, na Zimrani akatokea, akainama.

"Naapa kwa aliyeniumba kwa moto," akasema jini, "nilisimama dirishani pako, nikageuza uso kando kama ilivyo adabu ya mpiga hodi, nawe ukaniitikia kwa sauti yako hiyo hiyo: Karibu, weka hapo, nenda zako. Nikanyoosha mkono, nikaweka ilikotoka sauti, nikaenda zangu."

"Mimi?" Sultani akaruka kitini. "Basi ama jini wako ni mwizi, ama mimi ni mwongo! Chagua, binti, kabla ya adhana ya alasiri. Ukisema yeye ni mwizi, pete itatiwa tanuruni naye akiwa ndani yake, na wewe uende salama. Ukisema mimi ni mwongo, utalala kaburini."

Waziri, mzee mwenye huruma isiyoona mbali, akamnong'oneza, "Mwanangu, jini ni moshi tu, na shingo yako ni nyama. Sema ni mwizi, urudi kwenu."

Ruzuna hakuweza kusimama wala kukaa. Akaenda mpaka ukutani akarudi, akaishika pete akaiachia, na moyo ulimuuma, kwa maana mgongo ule ndio uliomlea, na aliamini kwamba Zimrani hasemi uongo. Na akimtazama Sultani, aliona wazi kwamba naye hasemi uongo. Sasa wote wawili wakisema kweli, mzigo uko wapi?

Akiwa katika kuhangaika huko, akapita mjakazi mzee na bakuli la maji, akachungulia tunduni, akatikisa kichwa.

"Maskini kasuku wetu! Tangu jana hajatia neno."

Ruzuna akasimama. "Anaumwa, bibi?"

"Wala haumwi, mwanangu. Analala tu."

"Maulana!" akapiga kelele Ruzuna, akisahau adabu yote. "Naomba siki!"

Siki ikaletwa, akampaka ndege tone moja puani, na alipoona jicho linafunguka akasema, "Hodi!"

"Karibu!" akanguruma kasuku kwa sauti ya Sultani, bila kupungua hata herufi. "Weka hapo, nenda zako!"

Baraza nzima ikauma midomo isicheke. Ruzuna akapekua chakula cha ndege, akatoa kichupa, hariri imedonolewa na kizibo kimelegea, akakiweka mbele ya Sultani kwa mikono miwili.

"Jini si mwizi, nawe si mwongo, Maulana. Mzigo ulifika. Aliyeupokea ni sauti yako."

Aibu ikampanda Sultani usoni. "Kumbe," akasema taratibu, "ndivyo ninavyosikika?"

Ndipo akanusa marashi, akalala pale pale kitini, na mawaziri nao, waliokuwa na deni kubwa la usingizi kuliko yeye, wakalala juu ya mazulia, na mji ukatulia.

Alipoamka alituma wazee kumposa Ruzuna, na Ruzuna akajibu kwamba mahari yake ni kitu kimoja: kila atakayebisha hodi, Sultani amwitikie mwenyewe, na amtazame uso. Sultani akakubali, wakaoana, akampa mali isiyopimika, na Zimrani akaachwa huru, ingawa hakwenda mbali.

Hadithi yangu imefika mlangoni pako, msikilizaji, ipokee mwenyewe: usimwite mwenzio mwizi kabla hujauliza ni nani aliyeitikia hodi. Na yule kasuku alichukua muda, lakini alijifunza. Siku hizi ukibisha hodi kwa Sultani wa Shamsina, sauti mbili hukujibu, wala huwezi kuzitofautisha: "Karibu, ndugu yangu. Kaa kwanza."