Ukikaza Nje, Shika Ndani

Ukikaza nje, shika ndani. Asubuhi mmemsikia fundi Mrutu akimwambia hivyo kijana aliyekuwa akifunga bomba la maji, nanyi mkaja kuniuliza neno hilo limetoka wapi. Limetoka nyumbani kwa baba yangu, na kuzaliwa kwake kulikuwa hivi.

Baba yangu, Mzee Eliapenda, ndiye aliyeanzisha kwaya ya kanisa letu huku Upareni. Ilianza na watu sita na gitaa moja, gitaa kavu, lile lisilohitaji umeme. Alilipiga miaka thelathini. Miguu ilipomwishia nguvu akawa mtu wa kitandani, na gitaa likatundikwa kwenye msumari ukutani, juu ya kichwa chake. Mimi alinifundisha kulipiga nikiwa mdogo, lakini wakati huo nilikuwa nimeolewa ng'ambo ya bonde, karibu na kanisa, na kwaya ilikuwa ikiimba kwa kinanda.

Siku moja nilipokwenda kumsalimia aliniambia, "Namkunda, nataka nilisikie tena gitaa langu kabla sijaondoka."

Neno lenyewe lilikuwa hilo tu. Nikalipeleka kwa wanakwaya, nao wakalipokea kwa uzito. Kanisa lilikuwa na spika ya honi, na tulipoimba sauti zilivuka bonde hadi dirishani kwa baba. Ila gitaa kavu, hata ukiliwekea kipaza sauti mbele, humezwa na waimbaji. Tukaamua litiwe kidude cha kunasa mtetemo wa mbao, na kitako chake kitobolewe tundu la kuchomeka waya wa spika. Baba angelisikia akiwa kitandani kwake.

Nikaenda kulishusha.

"Unalipeleka wapi?" baba akauliza.

"Kwa fundi, Baba. Utalisikia likitokea kanisani."

Aliutazama ule msumari uliobaki mtupu. "Haya," akasema.

Fundi alikuwa Senzota, mtengeneza redio ambaye pia alijua useremala. Vifaa vilichelewa wiki tatu kufika kutoka Moshi. Vilipofika alifanya kazi mbele yetu, siku ya Jumamosi, na hakuna aliyeweza kuulaumu mkono wake. Kitako cha gitaa hupasuka ukikiendea kwa pupa, basi alikibandika utepe, akatoboa tundu dogo, akalipanua kidogo kidogo kwa msasa aliouzungusha kwenye kijiti, huku akipima kila mara. Ndani akalehemu nyaya mbili nyembamba kwenye chuma cha kuchomekea waya, akakipitisha kwenye lile tundu hadi ncha yake ikatokeza nje. Akajaribu. Gitaa likaimba kwenye spika, tukapiga makofi.

Ikabaki kukaza nati ya nje. Kwenye ncha ya kile chuma niliona kitundu kimepita upande hadi upande.

"Fundi, hicho kitundu ni cha nini?"

"Cha kupumulia," akasema, na watu wakacheka. "Binti Eliapenda, wewe shughulika na nyuzi. Chuma niachie mimi."

Akashika spana, akazungusha, akazungusha tena. Chuma kikang'aa, kikakaa kama kimezaliwa na lile gitaa. Hakujaribu mara ya pili. Kwa nini ajaribu, na wote tulikuwa tumelisikia likiimba?

Jumapili tulivaa sare mpya. Nikachomeka waya, nikapiga nyuzi. Kimya. Nikapiga tena. Wenzangu wakaanza kuimba ili kunifichia aibu, tukamaliza ibada hivyo. Ng'ambo ya bonde mama alikuwa amefungua dirisha. Alinieleza baadaye kwamba baba alisikiliza hadi wimbo wa mwisho, kisha akasema, "Watu wote nimewasikia. Langu sijalisikia."

Baada ya ibada Senzota alilegeza nyuzi, akaingiza kioo kidogo na tochi kwenye tundu la tumboni. Zile nyaya zilikuwa zimesokotana kama kamba ya katani, zikakatika. Kila alipoizungusha nati kwa nje, chuma kizima kilizunguka nayo kwa ndani, na yeye akadhani anakaza. Senzota akalehemu upya, akachukua msumari mwembamba, akaupitisha kwenye kile kitundu na kuushika. Chuma kikatulia. Spana ikazunguka, na ndani hakikuzunguka kitu.

"Kumbe ndiyo kazi yake," akasema. "Ukikaza nje, shika ndani."

Akajaribu, likaimba. Tukafurahi. Tukasema, "Jumapili ijayo Mzee atalisikia," tukalifungia katika kabati la kwaya. Hakuna hata mmoja wetu aliyeona kasoro katika jambo hilo.

Jumatano baba akafariki.

Msibani Senzota alimwendea mama akapiga magoti. "Mama, nisamehe. Nilikaza nje, ndani sikushika. Nyaya zikakatika."

Mama alikuwa ameketi pembeni mwa kitanda. "Inuka, Senzota mwanangu," akasema. "Waya umeutengeneza. Sisemi juu ya waya." Akaonyesha ukutani. "Mume wangu aliomba kulisikia gitaa lake, nalo lilikuwa pale, juu ya kichwa chake. Mkaja mkalishusha. Mkalitoboa, mkashona sare, mkaunganisha spika. Wiki nne. Na huyu hapa anajua kulipiga." Alikuwa ananionyesha mimi. "Kutoka kwake hadi kitanda hiki ni mwendo wa chungu kimoja kuchemka. Nani alikuja akaketi hapa, akampigia hata wimbo mmoja?"

Mkono ulioshusha lile gitaa ni huu mnaouona.

"Hayo maneno yako ya chuma ni mazuri, Fundi," mama akasema. "Waambie na hawa."

Siku ya maziko nililipiga likiwa limechomekwa kwenye spika. Watu walisema halijawahi kulia vizuri namna ile. Sauti ilivuka bonde safi kabisa, ikaingia kwa lile dirisha lililokuwa wazi, ikakuta kitanda kimetandikwa.

Senzota aliyasema maneno yale kwa wanafunzi wake wote, nao wakayatawanya, hadi leo mnayasikia kwenye bomba la maji. Mimi gitaa ninalo, limetundikwa chumbani kwangu, na kile chuma cha kitakoni bado kinang'aa. Mgonjwa akiniomba wimbo siulizi habari za spika. Nalishusha, navuka bonde, naketi karibu na mto wa kichwa chake, napiga.

Ukikaza nje, wanangu, shika ndani.